Mafaili Yaliyohama Kila Ijumaa

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa karani wa masjala katika hospitali moja ndogo upande wa Mbeya, mahali ambapo milima inaanza kushuka kuelekea mbuga za Usangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, msichana wa Kihehe kutoka Ipogolo kule Iringa, mgeni kabisa, na Kisafwa nilikuwa nakisikia nusu nusu tu. Jina la hospitali silitaji, wala majina ya vijiji, wala ya watu, kwa kuwa baadhi yao bado wapo na wengine wameacha watoto. Vijiji nitaviita kama tulivyozoea kuvielekeza wenyewe: kijiji cha barabarani, kijiji cha darajani, kijiji cha kisimani.

Masjala yetu ilikuwa chumba kimoja. Kuta tatu zilikuwa na rafu za mbao kutoka chini hadi karibu na dari, na ukuta wa nne ulikuwa na dirisha la kuhudumia wagonjwa. Mgonjwa alisimama nje, akataja jina lake na mahali anapotoka, nasi tukamtolea faili akaenda nalo kwa mganga. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mama wa Kisafwa wa makamo, mjane, aliyeanza kazi pale paa likiwa bado la nyasi. Hakuhitaji kusoma sana. Mtu akikohoa tu kwenye foleni, mkono wa mama ulikuwa umeshafika kwenye rafu yake.

Mpangilio aliouzoea ulifuata mahali watu walipokuwa wakikaa zamani. Kulikuwa na rafu ya mtoni, rafu ya mlimani na rafu ya mbugani, hii ya mwisho ikiwa ya wafugaji waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Lakini kiangazi kilichotangulia watu walikuwa wamehamishwa. Wa mtoni, wa mlimani na wa mbugani waliondolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika wakawekwa pamoja katika vijiji vipya. Ndipo likaja agizo kwamba mafaili nayo yahame: kila kijiji kipya kiwe na rafu yake, na kila faili liwe na namba yake.

Mimi ndiye niliyepelekwa Iringa kujifunza mpango huo, majuma mawili. Nilifurahi, maana jioni nilikuwa nikirudi kulala kwa mama yangu Ipogolo, na asubuhi napanda mlima kwa miguu kwenda semina mjini. Mkufunzi alikuwa mtu mkali. Alituambia kwamba faili lisilokuwa mahali pake limepotea hata kama limo chumbani. Niliyaandika yote katika daftari, nikarudi kazini nikijiona mtu mwenye elimu mpya.

Kupanga upya kulituchukua siku tatu. Mama mwenzangu alifanya kila nililomwambia, lakini midomo yake ilikuwa imebanwa. Alipobandua kibandiko cha mtoni alikishika mkononi kwa muda.

"Mtoni mmepafuta," alisema.

"Si sisi, mama. Ni mpango."

"Haya."

Vibandiko vipya niliviandika mwenyewe kwa wino mwekundu nikavibandika kwa uji wa ngano. Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Bwana Mganga, alikuja kutazama. Alikuwa mtu nadhifu, beji ya chama haikukosekana kifuani, na alikuwa akiogopa sana barua kutoka juu. Alizunguka rafu, akasoma vibandiko kimoja kimoja, akasema, "Hapo sasa." Siku hiyo nilikula chakula cha mchana kwa raha.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, tulipofungua dirisha mchana baada ya mapumziko, alikuja mzee mmoja mwenye kifua kikuu, wa kijiji cha barabarani. Nikaenda kwenye rafu ya barabarani. Faili halikuwepo. Nilitafuta juu, nikatafuta chini, foleni ikaanza kunung'unika. Mwisho nililikuta rafu ya chini kabisa pembeni, pale palipokuwa mtoni zamani. Na halikuwa peke yake. Yalikuwa kumi na mawili, yamepangwa vizuri, mgongo kwa mgongo, ya watu wa barabarani, wa darajani na wa kisimani, wote waliokuwa watu wa mtoni hapo awali.

Nilimtazama mama mwenzangu. Alikuwa akifuta vumbi.

"Mama, haya nani kayaweka hapa?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye mwenye mpango."

Nikayarudisha kwenye rafu zake, na nikajiambia labda ni makosa ya uchovu. Ijumaa ya pili, baada ya chakula, yalikuwa yamerudi tena. Safari hii na rafu ya mbugani nayo ilikuwa imefufuka, mafaili tisa ya wafugaji yamesimama pale pale yalipokuwa yakisimama kabla sijaenda Iringa.

Nilianza kutafuta chanzo kama mkufunzi alivyotufundisha, jambo moja moja. Kwanza nilikagua vibandiko. Kweli panya walikuwa wamekula viwili kwa ajili ya ule uji wa ngano, nikaomba gundi ofisini nikabandika vingine. Haikusaidia. Nikafikiri labda tunachanganya tunaporudisha, kwa sababu mgonjwa dirishani bado alikuwa akisema "natoka mtoni" kwa mazoea, na sikio linaweza kuongoza mkono. Nikaweka sheria kwamba kurudisha mafaili ni kazi yangu mimi peke yangu. Mama alinitazama nilipoitamka sheria hiyo, akavuta kiti chake akakaa dirishani, akanigeuzia mgongo. Ijumaa ya tatu yakahama vile vile.

Basi nikachukua daftari jingine jipya. Nikapiga mistari. Kila faili lililohama niliandika jina la mgonjwa, kijiji chake kipya, na rafu ya zamani lilikorudi. Niliandika kwa uangalifu mkubwa, kwa mwandiko wangu mzuri. Daftari hilo nilikuwa nikilala nalo chumbani kwangu.

Nitasema ukweli: nilikuwa nimeshahukumu. Nilikuwa na hakika ni mama. Nani mwingine alijua mpangilio wa zamani mpaka faili la mwisho? Nani alikuwa amechukia mpango mpya? Nilianza kuona mambo ambayo sikuwa nayaona. Nikiingia ghafla, mazungumzo yake na wagonjwa dirishani yalikatika. Wakizungumza Kisafwa nilijifanya nahesabu namba huku nimetega sikio, nikikamata neno moja katika matano, na neno hilo moja nikalijazia maana mwenyewe. Akichelewa kutoka kwenda kula, nilijiuliza anabaki kufanya nini. Akiwahi kutoka, nilijiuliza anamkimbilia nani. Hata chai aliyoniletea kila asubuhi kwenye kikombe cha bati niliacha kuinywa. Nilisema tumbo linanisumbua.

Naye hakuwa mjinga. Siku moja, tukiwa tumefunga dirisha, aliniuliza bila kugeuka:

"Mwanangu, kule Iringa walikutuma kuja kutazama mafaili au kunitazama mimi?"

"Mama, mbona unasema hivyo?"

"Nauliza tu. Zamani karani alikuwa na kalamu. Wewe una kalamu na macho."

Usiku huo, nakumbuka, nilijisikia vibaya kidogo, lakini asubuhi nikalibeba daftari tena.

Jumatatu iliyofuata Bwana Mganga aliniita ofisini. Alikuwa amesikia kwamba foleni za Ijumaa zinachelewa. Nikamweleza, nikamwonyesha daftari. Alilisoma polepole, kidole kikishuka kwenye orodha.

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa, baada ya chakula."

"Na yanarudi kwenye rafu zile zile za zamani."

"Ndiyo, Bwana Mganga."

Aliegemea kiti. "Unajua jina la jambo hili? Hili ni hujuma. Kuna mtu hapa hataki mpango mpya." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Unamshuku nani?"

Jina lilikuwa limenijaa mdomoni. Namshukuru Mungu kwamba nilisema tu, "Bado natafuta." Lakini alipoomba ukurasa wa kwanza wa daftari abaki nao, niliuchana nikampa. Sikufikiri hata kidogo. Ulikuwa ukurasa wenye yale majina kumi na mawili ya mtoni.

Ijumaa ya juma hilo nilitega uzi. Nilichukua uzi mweusi wa kushonea, nikaupitisha mbele ya rafu ile ya chini, nikafunga miisho yake kwa pini ndogo. Mama alikuwa ametangulia kutoka. Nikafunga mlango, nikachukua viazi vyangu, nikaenda kukaa bombani, mahali ambapo ningemwona. Alikuwa kwenye kivuli cha jengo la wodi, anakula, kisha akavua viatu akanyoosha miguu akasinzia. Saa nzima sikumtoa machoni. Hakuondoka hata hatua moja.

Tuliporudi, mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Uzi ulikuwa umekatika. Mafaili yalikuwa yamehama.

Nilisimama pale na pini mkononi. Kitu cha kwanza nilichopaswa kufanya ni kumwomba mama radhi. Sikumwomba. Sikumwambia lolote. Niliona haya, na haya yangu ikageuka kuwa ukimya mwingine wa kumwekea. Tena shuku haikuisha, ilikosa tu mtu wa kumkalia, ikaanza kuzunguka hospitali nzima. Nilimshuku mpishi. Nilimshuku mtoa dawa, ambaye alikuwa akicheka kila anaponiona. Nilimshuku hata Bwana Mganga mwenyewe, kwamba ananijaribu.

Ijumaa ya tano nilisema kichwa kinaniuma, sitakwenda kula. Mama alitoka. Nilifunga ubao wa dirisha, nikauzungusha ufunguo wa mlango kwa ndani kisha nikauchomoa, nikaketi sakafuni nyuma ya rafu ya kona, palipowekwa masanduku ya fomu. Chumba kilikuwa nusu giza ingawa nje kulikuwa na jua kali la kabla ya mvua. Niliwasikia wagonjwa wakizungumza barazani, na kuku akiparua.

Haukupita muda, ufunguo ukaingia kwenye kitasa. Mlango ukafunguka, ukafungwa taratibu. Aliyeingia alikuwa muuguzi wa kliniki ya kutembea.

Huyu nilimjua vizuri, au nilidhani namjua. Alikuwa Mnyakyusa, mrefu, mcheshi, anayependwa na kina mama wote. Kila Alhamisi alikuwa akipanda Landrova kwenda kuchanja watoto vijijini. Mkononi alikuwa na kikapu kilichofunikwa kitenge. Alipiga magoti mbele ya rafu ya chini, akaondoa kitenge, akaanza kutoa mafaili na kuyapanga, mtoni, kisha mbugani, kwa haraka ya mtu aliyezoea.

"Sista," nikasema.

Aliruka mpaka kikapu kikapinduka. Tukatazamana.

"Umenitisha," alisema. Kisha akacheka kidogo. "Nilikuwa nawasaidia kupanga."

"Kila Ijumaa?"

Kicheko kikaisha. Alitazama mlango, akanitazama mimi, kisha akashusha pumzi.

"Ufunguo umeutoa wapi?" nikauliza.

"Ule wa pili, unatundikwa chumba cha sindano. Kila mtu anajua." Akaokota faili moja lililoanguka, akalifuta vumbi kwa kiganja. Lilikuwa la yule mzee wa kifua kikuu. "Huyu hapa. Kibandiko chako kinasema anakaa wapi?"

"Barabarani."

"Nenda barabarani ukamtafute. Hutamkuta. Mvua zinakaribia. Shamba lake la mpunga liko mtoni, mwendo wa nusu siku. Amerudi. Amejenga kibanda kwenye mahame yake, yuko na mkewe na wajukuu. Huja huku mara moja moja tu, anajifanya anatoka barabarani. Nao wenzake ndivyo hivyo. Wafugaji wamerudi mbugani na ndama wao, huku barabarani hakuna majani. Wewe una rafu yako, sawa, lakini mimi nina vidonge vya watu. Huyu akikosa dawa majuma mawili, kifua kinaanza upya. Gari likisimama darajani mimi nashuka, nabeba kikapu, nawafuata kwa miguu. Nahitaji mafaili yao ili nijue nani kapewa nini."

"Kwa nini hukuja dirishani ukayaomba?"

"Ningeomba kwa orodha gani? Ya nani yuko wapi? Niisome kwa sauti mbele ya foleni?" Akaokota faili jingine. "Unajua wakijulikana wamerudi kitakachofuata. Watabomolewa vibanda, watarudishwa. Na mpunga utabaki majini. Ndiyo maana nayaacha hapa chini yakiwa mafungu. Jumatano mchana nayanyanyua yote mara moja, natoka. Lakini wewe huyarudisha, Jumatano nalazimika kuyatafuta moja moja kwenye rafu zako mpya, na siku moja nitakutwa."

Mafaili hayakuwa yamesahau mahali pake. Yalikuwa yamepangwa kwa mahali watu walipo, na mimi nilikuwa nimekaa majuma mawili nikiandika kwa mwandiko mzuri nani amerudi wapi.

"Sista," nilisema, "mimi nimeandika."

"Umeandika nini?"

"Majina. Na rafu yanakorudi."

Alikaa chini kabisa, pale pale sakafuni, sare yake nyeupe kwenye vumbi.

"Nani ameona?"

"Bwana Mganga. Anao ukurasa mmoja."

"Wa wapi?"

"Wa mtoni."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alikusanya kikapu chake, akasimama, akasema, "Basi sijui," akatoka.

Mama aliporudi kutoka kula nilikuwa bado sijafungua dirisha. Nilimweleza yote, huku nalia, nikitazama meza. Nilimwambia na kuhusu uzi, na kuhusu chai niliyokuwa nikiimwaga. Nilipomaliza alivuta kiti.

"Nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema.

"Ulijua ni Sista?"

"Kikapu chake kilikuwa kinaangusha ukindu pale chini. Mimi ndiye ninayefagia."

"Mama, mbona hukuniambia? Umekaa ukinyamaza mimi nikikudhania."

"Ningekuambia wewe?" Hakuinua sauti. "Wewe ulikuwa na daftari."

Jumamosi asubuhi nilikwenda nalo chumba cha sindano. Jiko la mkaa la kuchemshia sindano lilikuwa linawaka. Nilichana daftari karatasi kwa karatasi nikazitia motoni, na mama alisimama mlangoni akiwa na ufagio, anatazama njia. Nadhani alikuwa pia ananitazama mimi, kuhakikisha nimezitia zote.

Jumatatu Bwana Mganga aliniita. Mezani alikuwa ameshaweka bahasha ya kupeleka tarafani.

"Leta daftari lote," alisema.

"Bwana Mganga, chanzo nimekipata. Ni panya. Walikula vibandiko, na mimi kwa ugeni wangu nikawa narudisha mafaili kwa kusikia wagonjwa wanavyojitaja. Makosa ni yangu. Nimeshapanga upya."

"Daftari liko wapi?"

"Nimewashia jiko. Niliona halina maana tena."

"Juzi ilikuwa hujuma," alisema. "Leo ni panya."

"Hujuma ulisema wewe, Bwana Mganga. Mimi nilisema natafuta."

Aliniandikia barua ya onyo kwa uzembe na kuharibu mali ya ofisi. Nilitia sahihi. Kuhusu ukurasa aliokuwa nao, nilijipa moyo nikauliza kama naweza kuupata niurekebishe, kwa kuwa una makosa. Alifungua droo, akaifunga.

"Upo," alisema. "Nenda kazini."

Tangu siku hiyo masjala ilifanya kazi kwa namna nyingine. Mafaili yalibaki kwenye rafu za vijiji vipya, namba kwa namba, yeyote angeweza kuja kukagua. Lakini ndani ya jalada, kwenye kona ya chini, mama aliweka alama ndogo ya penseli: nukta kwa mtoni, mstari kwa mlimani, duara kwa mbugani. Hilo lilikuwa wazo lake, mimi nilichonga penseli tu. Kila Jumatano tulikuwa tukimwandalia Sista mafungu yake, tukiyafunika kwa fomu za chanjo, na kila Ijumaa tukiyarudisha kila moja mahali pake. Foleni zikaacha kuchelewa. Bwana Mganga alikuja kukagua mara mbili bila taarifa, akavuta mafaili hapa na pale, akakuta kila kitu sawa. Kwa nilivyoona mimi, kukuta kila kitu sawa hakukumridhisha. Alikuwa akiondoka amekunja uso.

Mvua zilianza. Siku kama kumi na tano baada ya mazungumzo yangu na Bwana Mganga, trela la tarafa na mgambo walikwenda mtoni. Vibanda vilibomolewa. Watu walipakiwa na vyungu vyao wakarudishwa kijiji cha barabarani, na Jumatatu wakawa kwenye foleni yetu, wamelowa, watoto wanakohoa. Yule mzee alifika dirishani akiwa amejifunika gunia. Nilimuuliza anatoka wapi, kwa mazoea ya kazi. Alinitazama kana kwamba namdhihaki.

"Barabarani," alisema.

Mbugani hawakwenda. Wala mlimani. Walikwenda mtoni tu.

Huenda ilikuwa bahati mbaya. Mtoni palikuwa karibu na njia ya gari, moshi ulionekana, mtu yeyote angeweza kusema. Sista alisema hivyo, kwa kunihurumia. Mama aliuliza tu mara moja tukiwa tunapanga, "Ule ukurasa hakuurudisha?" Nikasema hakuurudisha. Akaendelea kupanga. Nilianza kunywa chai yake tena, lakini alikuwa akiiweka mezani bila kusema "karibu" kama zamani.

Yule mzee aliendelea na dawa, kwani sasa alikuwa karibu nasi. Alipona kifua, nilimwandikia mwenyewe kwenye faili kwamba amemaliza. Mpunga wake nilisikia uliliwa na ndege.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa zahanati moja upande wa Ilula, Iringa. Sijui kama ni ile barua ya onyo au ni zamu yangu tu. Siku ya kuaga nilikwenda kwa Bwana Mganga na barua yangu ya uhamisho, na kwa kuwa sikuwa tena mtu wake, nilimuuliza wazi.

"Bwana Mganga, ule ukurasa wa mtoni ulikwenda tarafani?"

Alikuwa akitia sahihi. Hakuinua kichwa.

"Karani mzuri," alisema, "haulizi karatasi inakwenda wapi. Anauliza imetoka kwa nani."

Akanirudishia barua.

Miaka michache baadaye mambo yalilegea. Watu walirudi kulima mtoni mchana kweupe, na nilisikia kuwa afisa wa kilimo mwenyewe alikwenda kuwagawia mbegu. Sista alihamia Tukuyu kwao. Mimi niliolewa, nikazaa, nikafanya kazi masjala nyingine mbili, na kote nilikuwa naogopa kuandika majina ya watu kwenye daftari langu binafsi. Wenzangu walidhani ni uvivu.

Mara moja, miaka kadhaa baadaye, nilipita Mbeya nikitoka kwenye msiba, nikashuka kwenda kumsalimu mama mwenzangu. Alikuwa amestaafu, anakaa na binti yake kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, viazi vimeanikwa uani. Alinipokea vizuri. Tuliongea kuhusu magoti yake, kuhusu baridi ya mwaka huo, kuhusu mjukuu wake anayesoma. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye basi. Niliposema, "Mama, kuhusu yale ya mtoni," aliinua mkono.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mama."

"Ndiyo," alisema. "Ulikuwa na miaka ishirini na miwili."

Sikujua kama amenisamehe au amenikumbusha. Alinifungia viazi kwenye kitambaa, akanisindikiza taratibu mpaka barabarani na fimbo yake, tukasimama pamoja kwenye upepo kungoja basi la Iringa. Lilipofika alimwambia kondakta anitafutie kiti cha dirishani, kwa sababu natapika nikikaa katikati. Sikumbuki lini nilipata kumwambia jambo hilo.